Cheti kipo ukutani, glavu ni zile zile

SWALI: Shikamoo anti. Mama yangu kalazwa hospitali moja binafsi hapa mjini, mapokezi wameweka cheti kikubwa cha ubora kwenye fremu na kwa kweli hicho cheti ndo kilitufanya tumpeleke pale, maana bei zao sio za kitoto. Juzi usiku nimekaa naye, nikamwona nesi anamtoa dripu mgonjwa wa kitanda cha dirishani, halafu na glavu zile zile akaja kwa mama kumsafisha kidonda. Nikanyamaza. Mpaka leo inaniuma. Sasa hicho cheti kina kazi gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kuuguza. Usijilaumu kwa kunyamaza, wengi tunaogopa mgonjwa wetu asije akasuswa.

Kwanza kakisome hicho cheti. Watu tukiona fremu na muhuri tunaridhika, kumbe vinatofautiana sana. SafeCare kwa mfano, mpango wa kupima ubora wa hospitali na vituo vya afya, ina ngazi 5, na mwenye cheti cha ngazi ya 2 hajafika, ndo kwanza yuko njiani na mapungufu bado anayo mengi. Ithibati ya JCI, shirika la Marekani linalokagua hospitali, ni kitu kingine kabisa, Aga Khan ya Nairobi waliipata 2013 na ya Dar 2016, na hata hiyo ni ya miaka 3 tu, wakaguzi wanarudi upya. Kwa hiyo tafuta ngazi na tarehe.

Serikali nayo 2015 ilianza kuvipa nyota zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, vikakaguliwa karibu 7,000 na zaidi ya theluthi moja vikatoka na nyota sifuri. Waliofika nyota 3 walikuwa kama asilimia 2 tu, ila marudio ya 2017/18 yakakuta karibu asilimia 20, na mimi hilo linanipa moyo kweli.

Lakini mwanangu, hakuna mkaguzi anayelala wodini. Yeye anaangalia maji, sabuni, mafaili, mahali pa kutupia sindano, ila saa nane usiku nesi mmoja ana wagonjwa wangapi na boksi la glavu limebaki na ngapi, hapo ndo ubora unapovuja. Glavu ni ya mgonjwa mmoja, ikivuliwa mikono inasafishwa ndo inavaliwa nyingine, WHO wanasema hivyo hivyo, wewe hukukosea kushtuka. Ukiona tena sema kwa upole, "Sista samahani, naomba ubadilishe glavu kabla hujamgusa mama." Akikwambia zimeisha, asubuhi nenda kwa mganga mfawidhi, sio kumshtaki sista, mwambie wodi ilikosa glavu usiku, tarehe fulani saa fulani, maana kuzileta ni kazi ya uongozi.

Na kidonda ukiangalie kila siku. Kikiwa chekundu, kikivimba au kutoa usaha, au mama akipata homa, waambie saa hiyo hiyo usisubiri raundi ya daktari. Ukishakisoma cheti niandikie ni ngazi ya ngapi.