Seva ilisimama watu wakirudi Dar baada ya Idi, na aliyeisimamisha ni mimi

Juzi kijana mmoja wa Bagamoyo kanitumia meseji, "kaka shikamoo, seva yangu nimeiandika kwa async lakini watu wakizidi inaganda, hivi Redis ni mbovu?" (Async ni kuandika programu ili ikingoja jibu moja iendelee kuhudumia wengine; Redis ni hifadhi ya data ya haraka.) Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana swali hilo hilo niliwahi kuuliza mimi, tena kwa hasira.

Nilimtengenezea tajiri mmoja wa mabasi hapa Tanga mfumo wa tiketi. Abiria akichagua siti inaandikwa Redis, inashikiliwa dakika 10 alipie kwa simu, asipolipa inaachiwa. Majaribio safi kabisa. Sasa Idi imeisha, stendi ya Kange imefurika, kila mtu anataka kurudi Dar, mfumo ukasimama, yaani kimya, makarani wote wananitolea macho. Tajiri akasema mbele za watu, "leteni daftari." Neno lile linaniuma mpaka leo.

Kosa? Seva ya async, ila laibrari ya Redis, yaani kodi iliyoandikwa tayari ya kuongea nayo, nimeweka ile ya kawaida, ya kusubiri. Ni karani anayemtuma kijana stoo halafu anafunga dirisha mpaka arudi, foleni yote inamtazama. Redis yenyewe haikuwa na neno, ila ilikaa kwenye seva ya kukodi mbali huko, mtandao ukiyumba jibu linachukua hata nusu sekunde, watu 100 wakibonyeza pamoja wa mwisho anangoja sekunde 50. Nani atangoja?

Usiku ule nikahamia redis.asyncio, ile ya async, imo ndani ya redis-py (laibrari ya Redis kwa lugha ya Python) tangu toleo la 4.2, huna haja ya kutafuta nyingine. Asubuhi nikaja kifua mbele. Basi tupu, siti zote zinasoma "imechukuliwa"! Kumbe kwenye exists, amri ya kuuliza kama siti imeshaandikwa, nimesahau await, neno la kuiambia programu ingoje jibu, na bila await hupewi jibu, unapewa ahadi ya jibu, na Python ikiulizwa kuhusu ahadi inasema kweli tu. Onyo lilikuwepo kwenye logi (kumbukumbu za seva), sikusoma.

Na hata ukiweka await, mdogo wangu, usiulize kwanza "ipo?" ndiyo uandike. Katikati ya await mbili mtu mwingine anapenya, siti moja abiria wawili, na hao ugomvi wao utauamua wewe. Tumia SET (amri ya kuandika) moja yenye NX (andika tu kama haipo) na EX 600 (ifutike baada ya sekunde 600), anayewahi kapata.

Vijana mnapenda kuandika async juu ya kila fankisheni mkadhani kazi imekwisha. Haijaisha! Laibrari moja tu ya kusubiri humo ndani inagandisha wote, na weka taimauti, kikomo cha kungoja, usiache mtu angoje milele. Someni logi jamani.

Mfumo sasa unafanya kazi vizuri, nimeupima kwa maelfu ya maombi. Tajiri hajapiga simu. Kange bado wanaandika kwenye daftari.