Fotoni 14: kwa wanaoanza kusomea kwazari za mbali

Wadogo zangu mnaotaka kusomea kwazari za mbali, yaani viini ving'avu vya galaksi vyenye shimo jeusi linalomeza gesi, kwa eksirei, nawaandikia kutoka Tanga baada ya miaka kadhaa ya kushughulika na data za Chandra, setilaiti inayopokea eksirei za angani, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba mjifunze kuhesabu kabla ya kujifunza kuchora grafu.

Chukueni kwazari ULAS J1342+0928. Nuru yake ilianza safari wakati ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka milioni 690 hivi, na katikati yake limo shimo jeusi lenye uzito wa takriban majua milioni 800. Chandra iliitazama kwa sekunde 45,000, yaani saa 12 na nusu, ikapata fotoni 14 tu, yaani chembe 14 za nuru. Kila fotoni ina mstari wake katika jedwali, wenye mahali ilipoangukia, wakati na nishati yake, na mtu huweza kuisoma mistari yote kwa pumzi moja.

Nilipoanza, nilizigawa fotoni chache za namna hiyo katika mafungu ya tatu tatu kufuata nishati, nikatumia khi-mraba, kipimo cha jinsi mfano unavyolingana na data, kama nilivyozoea kwenye vyanzo ving'avu. Njia hiyo hudhani kwamba kila fungu limejaa vya kutosha. Langu halikujaa, na kwa wiki mbili nzima niliamini mwinamo wa spektra (jinsi idadi ya fotoni inavyobadilika kadiri nishati inavyopanda) ambao haukuwepo. Tumieni kipimo cha Cash cha mwaka 1979, ambacho hufuata kanuni ya Poisson, ile ya kuhesabu matukio machache ya bahati, na hakihitaji mafungu yaliyojaa.

Kisha kuna fotoni za usuli, zisizotoka kwenye kwazari. Kijana mmoja aliyekuja kujifunza nyumbani kwangu Chumbageni nilimchapia picha kubwa ya data za kwazari nyingine, nikampa choroko aweke punje moja juu ya kila nukta. Tulifunika kwazari kwa kikombe, tukachora duara kwa kalamu, halafu tukaizungushia duara la sinia. Ndani ya kikombe zilikuwemo punje 12. Katika pete iliyobaki, yenye eneo la mara 24 ya kikombe, zilikuwemo 24. Akaelewa mwenyewe, bila mimi kutaja fomula yoyote, kwamba katika zile 12 takriban moja ni ya usuli.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kutanuka kwa mawimbi. ULAS J1342+0928 ina mhamo mwekundu, yaani kipimo cha jinsi mawimbi yalivyotanuka njiani, wa 7.54, kwa hiyo kila nishati mnayoipima izidisheni kwa 8.54 mpate ile iliyotoka nayo. Dirisha la kilo-elektronivolti (kizio cha nishati) 0.5 hadi 7 huwa 4 hadi 60 kule ilikotoka, na eksirei za nishati hizo hupenya gesi kwa urahisi. Msipoona dalili ya gesi inayozimeza, msikimbilie kuandika kwamba gesi haipo. Huenda ile sehemu ya spektra ambayo ingeionyesha imeshatoka nje ya dirisha lenu.

Tunataabika hivi kwa sababu ya swali moja kubwa: shimo jeusi lilipataje kunenepa kiasi hicho mapema namna ile? Mbegu yake ilikuwa mabaki ya nyota za kwanza, yenye uzito wa majua mia hivi, au wingu la gesi lililoporomoka moja kwa moja na kuacha mbegu ya majua maelfu kwa maelfu? Galaksi ya UHZ1, iliyotangazwa mwaka 2023, inaelekea upande wa mbegu nzito, kwa kuwa shimo lake linakadiriwa kuwa na uzito unaokaribia ule wa nyota zake zote.

UHZ1 inafunza pia utaratibu wa kazi. Kundi la galaksi la Abell 2744 lililo mbele yake liliikuza nuru yake kwa nguvu ya mvutano, lakini mahali pake palijulikana kwanza kutokana na darubini ya Webb, inayotumia infraredi, ndipo fotoni za Chandra zikahesabiwa hapo. Kwenye akiba ya Chandra, ambayo iko wazi bila malipo, ingieni mkiwa na mahali mkononi, kwa maana anayetafuta kwa macho kwenye picha nzima atakuta nukta tatu zimekaribiana kwa bahati, naye ataziita kwazari.