Mkeo Aliuliza Maswali Matatu, Yajibu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, naishi Kasarani na mke wangu na watoto watatu. Nina kazi nzuri mjini. Tangu utotoni napenda maji. Mwezi wa tatu nilikwenda semina Mombasa, rafiki yangu akanipeleka Mtwapa kuona boti inayouzwa. Ni ya futi 26, ina chumba cha kulala watu wanne, jiko dogo, choo na injini mbili za petroli. Mwenyewe ni mzungu anayerudi kwao kwa haraka, anataka Sh2.8 milioni tu. Haijatembea miaka miwili lakini iko safi. Nimepanga kuuza ploti yetu ya Joska ambayo imelala bure, na tukimaliza malipo boti itakodishwa kwa watalii na kujilipa yenyewe. Mke wangu amekuwa na kelele. Anauliza italindwa na nani, itakunywa mafuta kiasi gani, na kama ina karatasi. Hapendi maendeleo. Sasa amehamia chumba cha watoto. Nimweleweshe vipi?*
*Baba Watatu, Kasarani*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kulala peke yako. Kupenda maji si kosa. Mimi nimezaliwa Takaungu, na kaskazi ikianza kuvuma moyo wangu huwa kule hata nikiwa hapa South B. Lakini pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika "tukimaliza malipo". Mtu humaliza alichoanza. Umeshatoa arbuni, mwanangu, na mkeo hukumwambia. Sidhani kama hajui. Mwanamke hahami kitandani kwake kwa sababu ya boti ambayo bado ni maneno. Huhama akishauona ujumbe wa M-Pesa.

Tena umeandika "ploti yetu", halafu "nimepanga kuuza". Ilikuwa yenu mkinunua, imekuwa yako wakati wa kuuza? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 iko wazi: katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya wote wawili. Na sheria hiyo hiyo inahesabu kulea watoto na kuendesha nyumba kuwa mchango, hata kama jina lake halipo kwenye hati. Hukuniambia mkeo anafanya kazi gani wala aliweka kiasi gani katika hiyo ploti. Urefu wa boti uliniambia.

Sasa tuje kwenye hizo unazoziita kelele. Mimi naziona ni kazi ya ukaguzi ambayo wewe ulipaswa kuifanya kabla ya kufungua pochi.

Nani atailinda? Hapa Nairobi hatuna maji ya boti. Bwawa la Nairobi lililojengwa 1953 watu walikuwa wakitweka matanga, baadaye likajaa gugumaji na taka. Boti yako itakaa Mtwapa, karibu kilomita 500 kutoka mlangoni kwako. Chombo kilichofungwa majini hakilali kama gari kwenye maegesho. Mvua ikinyesha maji hujaa ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, betri ikiisha pampu haitoi, na boti huzama pale pale ilipofungwa, bila dhoruba yoyote. Kome na mwani hushika chini, kwa hiyo sharti ipandishwe pwani, ikwanguliwe, ipakwe rangi ya kuzuia. Vipande vya zinki vinavyokinga chuma kisiliwe na chumvi navyo huisha na kubadilishwa. Kuna mlinzi wa kulipwa kila mwezi, kuna pesa za mahali pa kuifunga, kuna fundi. Wenye boti huhesabu kwamba matunzo ya mwaka hula kama sehemu ya kumi ya bei ya chombo, na hiyo ni kwa chombo kizima. Chako kina miaka miwili bila kuwashwa.

Mafuta je? Injini mbili za petroli kwenye boti ya futi 26, ukiikimbiza, lita 60 kwa saa si ajabu. Zidisha kwa bei ya petroli ya leo, kisha hesabu kwenda na kurudi. Nawe huendi baharini kila siku. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikiingia mwezi wa nne bahari hukasirika, na wengi wenye boti za kuvulia samaki wageni huzipandisha pwani hadi ipoe, huko mwezi wa nane au wa tisa. Hao watalii wako utawapata miezi ya kaskazi, na ukiwabeba kwa malipo hiyo ni biashara nyingine kabisa: chombo kikaguliwe na KMA, mamlaka inayosimamia safari za majini, kiwe na cheti, anayekiendesha awe na leseni, jaketi za kuokoa maisha zitoshe kila kichwa, na bima juu yake. Kati ya hayo yote hukunitajia hata moja. "Kujilipa yenyewe" ni maneno ya muuzaji uliyoyabeba mpaka nyumbani.

Karatasi nazo. Mwenyewe anaondoka kwa haraka. Boti imesajiliwa kwa jina la nani? Ilipoingia nchini ushuru ulilipwa? Kama haukulipwa, KRA, mamlaka ya ushuru, haitamfuata mtu aliye Ulaya, itakufuata wewe uliye Kasarani. Injini ina historia ya matengenezo iliyoandikwa? Mkeo aliuliza jambo hilo kwa neno moja, karatasi, nawe ukasema hapendi maendeleo.

Wazee wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wewe umenieleza kitanda, jiko na choo. Ngama hukuitaja. Marehemu mjomba wangu hakununua mashua kabla ya kuipandisha mchangani na kugonga ubao baada ya ubao kwa kifundo cha kidole, huku ametega sikio. Boti ya faiba, ile ya plastiki ngumu ya nyuzi za kioo, nayo hugongwa hivyo hivyo. Ikiwa nzima sauti ni kavu na kali. Ikiwa mbao za ndani zimenyonya maji na kuoza, sauti huwa nzito kama ya boga, na ukikanyaga sakafu inabonyea. Chini ya mkuku, uti wa chini wa boti, hutafutwa malengelenge, dalili kwamba maji yameingia ndani ya faiba. Mafuta ya injini ukiyachomoa na kijiti, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshapita yasipotakiwa. Raba ya pampu ya kupozea injini hukauka ikikaa bila kazi, na ukiiwasha hivyo hivyo injini huungua kabla hujatoka mtoni.

Jambo moja nalisema kwa uzito kwa sababu boti hiyo ina chumba cha kulala watu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutulia ngamani. Feni ya kuutoa sharti izungushwe dakika kadhaa kabla ya kuwasha injini. Katika boti ya petroli iliyolala miaka miwili, paipu zake zimepasuka au hazijapasuka, wewe hujui. Cheche moja inatosha. Mtu asiyejua hilo hana haki ya kuwaita watu wapande.

Najua utaniambia manahodha wengi chombo huenda mrama. Kweli. Lakini hata jahazi lenye nahodha mmoja lina serahangi, msimamizi wa mabaharia, naye akisema maji yamejaa, nahodha mwenye akili haulizi kwa nini serahangi hapendi safari. Huinama akatazama.

Na hapa niseme na wengine pia, maana barua za namna hii zimenijia nyingi mwaka huu. Ndoa za siku hizi zimekuwa nyumba moja yenye hazina mbili za siri. Mume ana mkopo wa sacco ambao mke atausikia siku wadhamini wakipiga simu. Mke ana chama ambacho mume hajui siku ya zamu yake. Simu zimelazwa kifudifudi mezani. Wakati wetu watu walikosa pesa pamoja, na walipozipata walizijua pamoja. Siku hizi mtu anapata pesa, anakwenda kutafuta ushauri wa rafiki aliyekutana naye semina, kisha anamletea mwenzake uamuzi na kumwomba apige makofi.

Marehemu mume wangu aliwahi kununua lori kuukuu bila kuniambia. Aliniambia mwezi mzima baadaye, lori likiwa limeshakufa gasketi ya kichwa cha injini njiani. Tuliliuza kama vyuma. Pesa zile nilizisahau kabla ya miaka miwili kwisha. Nilichokaa nacho muda mrefu ni ule mwezi: siku thelathini tulikula meza moja, akiniuliza habari za kazini, naye anajua. Yeye mwenyewe aliniomba msamaha wa huo mwezi akiwa mgonjwa, miaka mingi baadaye. Usimfanye mkeo asubiri namna hiyo.

Kwa hiyo jibu langu ni usinunue. Hiyo boti, kwa pesa za hiyo ploti, usinunue. Usiache mbachao kwa msala upitao. Joska haihitaji mlinzi wa usiku wala zinki, na kila mtoto wako anayo sehemu pale.

Leo usiku wakishalala watoto, toa risiti ya arbuni uiweke mezani mbele ya mama yao. Usianze na maelezo, anza na kiasi. Akilia mwache alie, akinyamaza usimharakishe. Kesho mpigie mwenye boti mwombe arbuni irudi, na kama mliandikiana masharti, yapeleke kwa wakili kabla siku hazijaenda. Ikipotea imepotea, ni kidogo kuliko milioni 2.8.

Hamu ya maji nayo usiizike. Naivasha ni kilomita 90 hivi. Jumamosi moja wapeleke wote, mkodi boti saa moja, mkawatazame viboko kwa mbali. Mwezi wa kumi na mbili, kaskazi ikishaingia, pandeni treni hadi Mombasa mkodi chombo chenye nahodha wake siku mbili. Mwache mkeo akichague yeye. Nakwambia ataanza kwa kuuliza jaketi ziko ngapi.

Na ukitaka kuniandikia tena kuhusu jambo hili, naomba barua hiyo aiandike yeye.