Uza ruhusa, mchoro baki nao

Kampuni ikikuandikia kwamba imependa michoro yako na inataka mfanye kolabo, usikimbilie kutaja bei. Uliza kwanza: mchoro utawekwa kwenye bidhaa gani, utauzwa nchi zipi, kwa muda gani, na ni vipande vingapi? Ninaishi kwa kuchorea kampuni na kuuza bidhaa zangu mwenyewe, na kama kuna jambo moja ningependa kila mchoraji wa kujitegemea alijue kabla ya kutia saini yake ya kwanza, ni kwamba katika biashara hii unauza ruhusa ya kutumia mchoro. Mchoro wenyewe unabaki kuwa wako.

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, hakimiliki inazaliwa pamoja na mchoro. Huhitaji kusajili popote wala kuweka alama yoyote. Inadumu maisha yako yote na angalau miaka 50 baada ya kufa kwako, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Ukiwa mwajiriwa ni habari nyingine, maana kazi ya mwajiriwa mara nyingi ni mali ya mwajiri. Lakini anayejitegemea, katika nchi nyingi, hata akishalipwa kwa kuchora, hakimiliki haimtoki mpaka asaini kuihamisha. Ndiyo maana sentensi ya kuiogopa kwenye mkataba huwa fupi na huwa katikati ya ukurasa ambao umeshachoka kuusoma: "Msanii anahamisha haki zote, kwa muda wote, duniani kote." Nikikutana nayo narudisha mkataba na pendekezo la leseni, yaani ruhusa ya kutumia mchoro kwa masharti, badala yake. Kampuni nyingi hukubali, kwa sababu mara nyingi sentensi hiyo ilinakiliwa tu kutoka mkataba wa zamani, na kwa kweli wanachohitaji ni kuchapa mchoro kwenye madaftari ya msimu mmoja.

Ichukulie leseni kama kupangisha nyumba. Mpangaji analipa, anakaa, muda ukiisha anahama, na nyumba ni yako. Mchoro una nafuu zaidi, kwa sababu vyumba vyake havina idadi: unaweza kumpa mmoja kalenda, mwingine kadi za salamu, mwingine fulana, wote kwa wakati mmoja, ilimradi hukumpa yeyote haki ya pekee inayogusa bidhaa ya mwenzake. Kampuni ikitaka haki ya pekee, mpe, lakini ibane: iwe ya aina moja ya bidhaa, kwa mwaka mmoja au miwili, na bei ipande. Anayetaka wengine wote wafungiwe mlango lazima alipie ule mlango.

Beatrix Potter, mchoraji na mwandishi wa Uingereza, alilielewa hili mapema sana. Kitabu chake cha sungura Peter Rabbit kilitolewa na Frederick Warne mwaka 1902, na mwaka uliofuata alishona mwenyewe mwanasesere wa sungura huyo na kumsajili kisheria kabla wengine hawajamtengeneza kwa faida yao. Upande wa pili yuko Milton Glaser, mbunifu wa Marekani aliyebuni miaka ya 1970 nembo ya "I ♥ NY" (naipenda New York), yenye moyo mwekundu, ambayo leo iko kwenye fulana na vikombe kila kona. Aliitoa bure kwa jimbo la New York, kwa hiari yake. Namheshimu kwa hilo. Zawadi ni jambo jema ukiitoa kwa kujua unatoa nini. Kinachoniuma ni kuona wachoraji vijana wakitoa zawadi ya namna hiyo kwa kampuni zenye fedha, kwa sababu tu hakuna aliyewafafanulia mstari mmoja wa mkataba.

Tuje kwenye malipo. Njia kuu ni mbili: kiasi kimoja cha leseni, au mrabaha, yaani asilimia ya mauzo. Kwenye mrabaha swali la maana ni asilimia ya nini. Chukua kikombe kinachouzwa dukani kwa 1,000, ambacho kampuni inaliuzia duka kwa bei ya jumla ya 500. Asilimia 8 ya bei ya dukani ni 80. Asilimia 8 ya bei ya jumla ni 40. Na mkataba ukisema "asilimia 8 ya mapato baada ya gharama", hapo huna namba yoyote mkononi, maana gharama anaziandika yeye. Mrabaha juu ya bei ya jumla ni wa kawaida na hauna ubaya. Huo wa baada ya gharama naukataa. Pia naomba malipo ya awali yasiyorudishwa, yatakayokatwa kwenye mrabaha bidhaa zikianza kuuzwa, na taarifa ya mauzo kila baada ya miezi mitatu au sita ikionyesha vipande vilivyouzwa. Bidhaa ikilala stoo, angalau kazi yako imelipwa.

Wapo watakaokuambia hawana bajeti ila watakutangaza. Jibu kwa adabu kwamba jina la mchoraji kuandikwa kwenye bidhaa ni haki yake, na malipo ni jambo jingine.

Kabla hujaanza kuchora, andikeni pia mambo haya hata kama ni kwenye barua pepe tu: utafanya masahihisho mara ngapi ndani ya bei hiyo, sehemu gani ya malipo inatangulia (mimi huomba nusu), na utalipwa nini mradi ukisitishwa njiani. Weka kwamba una haki ya kuonyesha kazi hiyo kwenye mkusanyiko wako baada ya bidhaa kuzinduliwa. Siku hizi naangalia na kipengele kingine: ruhusa ya kutumia michoro kufundishia programu za akili bandia. Kama sijakubaliana nao na kulipwa kwa hilo, nakifuta. Mwisho, toa faili lililokamilika. Faili lenye tabaka zote, yaani lile ambalo kila sehemu ya mchoro imetenganishwa na nyingine, lisitoke bila makubaliano, kwa sababu mwenye tabaka anaweza kumtoa ndege wako kwenye mti na kumpeleka kwenye tangazo ambalo hukuliruhusu.

Sasa bidhaa yenyewe, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mchoro mzuri kwenye karatasi haugeuki wenyewe kuwa kikombe kizuri. Shika kikombe kitupu mkononi kabla hujafungua programu. Eneo la kuchapa ni utepe mrefu unaozunguka na kukatika penye mkono wa kikombe. Anayekunywa kwa mkono wa kulia anaona upande mmoja. Anayeketi mbele yake anaona upande wa pili. Kwa hiyo ukiweka sura ya mhusika wako katikati kabisa ya utepe, itakaa mbali na mkono wa kikombe, na hakuna kati yao atakayeiona vizuri. Mimi huchora kisa chenye pande mbili: upande wa mnywaji paka anachungulia, upande wa mwenzake panya anakimbia. Mtu hununua kikombe cha namna hiyo kwa sababu kuna kitu kinatokea anapokigeuza.

Fulana nayo ina tabia zake. Kwenye uchapaji wa skrini, yaani wa kusukuma wino kupitia wavu, kila rangi ina skrini yake, na kila skrini ina gharama, hivyo mchoro wa rangi mbili zilizofikiriwa vizuri unaweza kukuacha na faida ambayo mchoro wa rangi saba ungeimeza. Kwenye kitambaa cheusi mchapaji huanza na wino mweupe chini ili rangi nyingine zisizame, na huo mweupe ukisogea kidogo unachungulia pembeni mwa mistari myembamba. Nenepesha mistari. Bora zaidi, iache nguo yenyewe iwe rangi mojawapo ya mchoro: usiku wa mchoro wako uwe ni weusi wa fulana. Kama mchapaji anatumia sublimesheni, yaani kuhamishia wino kwenye bidhaa kwa joto, kumbuka wino wake hushika poliesta au kitu kilichopakwa dawa yake maalumu. Kwenye pamba tupu haudumu. Kwa nembo ya kudarizi, sahau maelezo madogo madogo. Uzi una unene wake na hauwezi kuchora kope.

Kuhusu rangi, kioo cha kompyuta kinakuonyesha RGB, yaani mwanga, ilhali mashine nyingi za uchapaji zinatumia wino wa CMYK, yaani rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijani kinachong'aa na buluu kali ndizo zinazofifia zaidi. Geuza faili na ulitazame mapema, na kama rangi moja ndiyo roho ya mchoro, mpe mchapaji namba yake ya Pantone, mfumo unaoipa kila rangi namba yake. Picha za pikseli zitoke na nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa halisi wa kuchapa, na ukingo wa ziada wa milimita 3 kila upande ili kisu kisiache mstari mweupe. Halafu lipia sampuli. Usiidhinishe oda nzima kwa kuangalia picha ya kwenye simu, hata kama kampuni ina haraka.

Ukitaka kuuza bidhaa zako mwenyewe, anza na zile ambazo hazili mtaji na hazina saizi: stika, kadi, nakala za picha za A4. Fulana inakulazimisha kuweka saizi nne au tano, na ile unayobaki nayo huwa si ile mteja anayoitaka. Huduma za kuchapa kipande baada ya oda kuingia zinakuondolea mzigo wa stoo, ila faida kwa kipande ni ndogo na ubora huoni mpaka ujinunulie mwenyewe. Na hata kama leo unauza mtandaoni peke yako, panga bei ukijua kwamba siku moja duka litataka kununua kwa jumla, mara nyingi kwa karibu nusu ya bei ya rejareja. Kama ile nusu hailipi uchapaji na ikakubakishia kitu, bei yako bado haijakaa.

Mtu akikuambia kuweka sanaa kwenye beji na mifuko ni kuishusha hadhi, mtajie msanii wa Marekani Keith Haring. Mwaka 1986 alifungua duka lake, Pop Shop, jijini New York, akauza fulana na beji za michoro yake kwa sababu alitaka mtu wa kawaida naye aimiliki. Wapo waliomlaumu, na hakulifunga. Msichana anayebandika stika yako kwenye daftari lake ataitazama kila siku kwa mwaka mzima, na ni michoro michache ya ukutani inayotazamwa kiasi hicho.

Leseni ikikaribia mwisho, uwe umeshaweka kumbukumbu kwenye kalenda yako miezi miwili kabla. Iandikie kampuni, iulize imebakiwa na vipande vingapi, na mkubaliane muda wa kumalizia mzigo, ukiandikwa na tarehe yake ya mwisho. Wakitaka kuendelea, huo ndio wakati wa kuzungumza bei mpya, maana sasa una taarifa zao za mauzo mkononi. Wasipotaka, lifungue tena lile faili lenye tabaka zote na uanze kutafuta nani mwingine mchoro huo unamfaa.