Kwa mnaoanza na vipimo vya jeni vya kansa ya utumbo mpana: msianze na orodha ya jeni

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hii kazi, iwe uko maabara, uko patholojia au uko wodini unasubiri majibu, ushauri wangu wa kwanza ni huu: achana kwanza na orodha ya jeni. Najua kila mtu anaanzia hapo, APC, TP53, SMAD4, PIK3CA, mtu anakariri wiki nzima halafu dokta akimuuliza "sasa huyu mgonjwa nimpe dawa gani" anabaki kutoa macho. Anza na uamuzi. Kila kipimo tunachofanya kwenye huu ugonjwa kuna uamuzi unakisubiri, kumpa mgonjwa dawa fulani au kumnyima, kumpa kemo au kumwacha, kuwaita ndugu zake wapimwe au kutowaita, ukishajua uamuzi ni upi jeni zinakaa kichwani zenyewe.

Nadharia ya lazima ni ndogo. Mwaka 1990 Fearon na Vogelstein walieleza jinsi polipu, kile kivimbe kinachoota kwenye ukuta wa utumbo, inavyogeuka kansa hatua kwa hatua, APC inaharibika mapema, KRAS inafuata, TP53 inakuja mwishoni polipu inapovuka kuwa kansa yenyewe. Hiyo bado inasimama kwa kansa nyingi, maana kama 85 kati ya 100 zinapita njia ya kromosomu kuvurugika. Zile kama 15 zilizobaki zinapita kwingine, mfumo wa kusahihisha makosa ya DNA umekufa, makosa yanajikusanya kila seli inapogawanyika, na ndo hizi zitakazokula muda wako mwingi kuliko idadi yake inavyoonyesha. Kuna pia zile zinazotokea kwenye polipu zenye meno kama ya msumeno, hasa upande wa kulia wa utumbo, zina mutesheni ya jeni ya BRAF na methilesheni nyingi (alama za kikemikali zinazozima jeni), na nyingine zinaishia kwenye hilo kundi la 15.

Sasa tukae hapa kidogo. Protini za huo mfumo wa kusahihisha tunazopaka rangi ni nne, MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, na zinaishi mbili mbili, MLH1 na PMS2, MSH2 na MSH6. Ukiweka slaidi kwenye hadubini usikimbilie kansa. Tafuta kwanza limfosaiti (seli za kinga) na seli za tishu ya kawaida zilizo katikati ya kansa, angalia viini vyake, lazima viwe vimeshika rangi ya kahawia. Kama navyo havina kahawia maana yake upakaji umefeli, hapo huna jibu lolote, rudia. Nasisitiza hili kwa sababu unakuta mtu ameona seli za kansa hazina rangi ameshaandika "imepotea" wakati slaidi nzima haijashika kitu. Limfosaiti zikiwa kahawia na kansa pembeni yake viini vina bluu tupu, hapo ndo unaongea.

Halafu zile pea zina mkuu na mdogo. MLH1 ikipotea PMS2 nayo inapotea kwa sababu haiwezi kukaa bila mwenzake, na MSH2 ikipotea inaondoka na MSH6. Kinyume chake hakitokei, PMS2 ikipotea peke yake MLH1 inabaki, na MSH6 hivyo hivyo. Kwa hiyo ukiona MLH1 haipo ila PMS2 inang'aa vizuri, shuku slaidi kabla ya kushuku mgonjwa. Na kama mgonjwa wa kansa ya rektamu, ile sehemu ya mwisho ya utumbo, alipigwa mionzi na kemo kabla ya upasuaji, MSH6 inaweza kufifia kwa sababu ya tiba tu, omba bloku (kipande cha tishu kilichohifadhiwa kwenye nta) ya biopsi ya mwanzo ufanyie hiyo.

Tuseme MLH1 na PMS2 zimepotea kweli. Hapa ndo wengi wanapotea nazo. Kuna njia mbili za kufika hapo, moja ni promota ya MLH1, yaani swichi ya kuiwasha hiyo jeni, kufungwa na methilesheni, hii mgonjwa hakurithi na mara nyingi ni mtu mwenye umri mkubwa, nyingine ni sindromu ya Lynch, hii ni ya ukoo. Unapima BRAF V600E, mutesheni moja maalumu ya jeni ya BRAF. Ikiwepo, Lynch karibu unaiondoa kabisa mezani. Isipokuwepo hujathibitisha chochote, narudia, hujathibitisha chochote, unaenda kupima methilesheni ya MLH1, ikikosekana nayo ndo mgonjwa anapelekwa kwenye ushauri wa jeni na kupimwa damu. Watu wanaligeuza hili, wanasema "BRAF haina mutesheni kwa hiyo ni Lynch", wanaitia hofu familia nzima bila sababu. Na kama kilichopotea ni MSH2 na MSH6 usipoteze hela za mtu kwenye BRAF, haina la kukuambia hapo, nenda moja kwa moja kwenye damu, na hakikisha EPCAM imo kwenye kipimo kwa sababu ikikatika mwishoni kabisa inaizima MSH2 iliyo jirani yake.

Mnaweza kuuliza kwa nini tunahangaika hivi. Sababu ziko wazi. Mgonjwa wa hatua ya pili mwenye mfumo huu uliokufa kwa kawaida ana matarajio mazuri, na kemo ya 5-FU peke yake haimsaidii, kwa hiyo jibu lako linaweza kumwepusha miezi ya kutapika bure. Ugonjwa ukiwa umesambaa, pembrolizumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kama tiba ya kwanza kwa kundi hili, kabla ya kemo. Na mwaka 2022 yakatoka majibu ya dostarlimab, dawa ya aina hiyo hiyo, kwa kansa za rektamu za aina hii, wagonjwa 12 wa mwanzo waliomaliza dawa uvimbe ukapotea kwa wote 12, bila kisu bila mionzi. Ni wachache, sawa, ila katika kansa huwa huoni 12 kwa 12. Wagonjwa wengine wote dawa hizi zikitumika peke yake haziwasaidii, isipokuwa wachache wenye mutesheni maalumu za POLE, jeni inayohusika na kunakili DNA, ambao kansa zao zina makosa mengi ajabu hata kama mfumo wa kusahihisha ni mzima, kwa hiyo ukiona idadi ya mutesheni imepanda kupita kiasi na protini nne zote zipo, iangalie POLE.

Tuje RAS, yaani jeni za KRAS na NRAS. Uamuzi hapa ni cetuximab au panitumumab, dawa zinazoziba kipokezi cha EGFR kilicho juu ya seli. KRAS ikiwa na mutesheni, na ziko kwenye kama 40 kati ya 100, njia ya ndani imewashwa tayari, kuziba mlango wa nje hakusaidii, na kwenye baadhi ya majaribio waliopewa dawa hizi pamoja na kemo ya oxaliplatin wakiwa na mutesheni walifanya vibaya zaidi kuliko waliopewa kemo tu. Kwa hiyo neno "kawaida" kwenye ripoti ya RAS ni neno zito. Zamani tuliangalia kodoni (nafasi kwenye jeni) 12 na 13 za KRAS basi, siku hizi lazima 59, 61, 117 na 146 ziwemo, na NRAS zote hivyo hivyo. Ukipokea ripoti ya nje imeandikwa tu "KRAS hakuna mutesheni" piga simu uulize walipima kodoni zipi. Na fomu ya kuombea kipimo iseme kansa iko upande gani, kwa sababu kansa ya kulia hata kama RAS iko safi haifaidiki sana na hizi dawa kwenye tiba ya kwanza.

BRAF V600E ndo somo ninalolipenda kuliko yote. Mutesheni ni ile ile iliyoko kwenye melanoma, ile kansa ya ngozi, herufi moja, c.1799T>A, dawa ya vemurafenib inayoizima BRAF ikaleta matokeo makubwa kwenye melanoma, wakaipeleka kwenye utumbo mpana ikashindwa. Kumbe ukiizima BRAF kwenye seli za utumbo, EGFR inaamka na kuiwasha njia upya, wakati melanoma kwa kawaida EGFR yake ni kidogo. Ndo maana leo encorafenib, nayo ya kuizima BRAF, haitolewi peke yake, inapewa na cetuximab. Hadithi imejirudia kwenye KRAS G12C, ambayo ni kama 3 kati ya 100, dawa yake sotorasib peke yake ni dhaifu hapa, inaunganishwa na panitumumab, na nyingine, adagrasib, inaunganishwa na cetuximab. Kwa hiyo mtu akikuambia "mutesheni ni mutesheni, haijalishi imetoka kiungo gani", mpe mfano huu.

Kingine ambacho vitabu vinapita haraka ni kipande chenyewe cha tishu. Mtu anahangaika na mashine ya kusoma jeni 500 kwa mpigo wakati bloku ina usaha na tishu iliyokufa. Fanya hesabu hii kila mara: kama seli za kansa ni asilimia 20 ya eneo ulilokwangua, na mutesheni iko kwenye kopi moja kati ya mbili, unategemea kuiona kwenye asilimia 10 hivi ya DNA. Njia ya Sanger, ile ya zamani ya kusoma DNA, inaanza kuona vizuri kwenye 15 hadi 20, kwa hiyo hapo itakuambia hakuna kitu na itakuwa imekudanganya. Dawa yake ni kumwomba patholojisti aizungushie kalamu sehemu yenye kansa nyingi kwenye slaidi, ukwangue hapo tu. Kansa zenye ute mwingi ndo balaa, eneo ni kubwa seli ni za kuhesabu. Na bloku ikikaa sana kwenye fomalini, au ikiwa ya zamani, DNA inaharibika na inazalisha mabadiliko ya uongo ya C kwenda T, hasa yakiwa kwa kiwango kidogo sana. KRAS G12D ni c.35G>A, na G kwenda A ni huo huo uongo ukisomwa kwenye uzi wa pili, kwa hiyo ukiipata kwenye asilimia 2 kwa bloku mbovu, rudia kabla ya kumnyima mtu dawa.

Yale makundi manne ya kansa hii, CMS1 hadi CMS4, yanayopangwa kwa jinsi jeni zinavyofanya kazi, yaliyotoka 2015, yasome, yanasaidia kuelewa biolojia, ila mimi sijaona kliniki ya kila siku inayobadilisha dawa kwa sababu yake. HER2, kipokezi kingine cha juu ya seli, ipime kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umesambaa na RAS iko safi, ni wachache ila dawa ipo. DPYD, jeni inayosaidia mwili kuvunja 5-FU, inapimwa kwenye damu, ni ya kurithi, inaonyesha nani 5-FU na capecitabine zinaweza kumuua kwa dozi ya kawaida, na lazima ijulikane kabla ya mzunguko wa kwanza wa kemo, baadaye ni kuchelewa.

Mwisho ni kwenye ripoti. Mgonjwa akithibitika ana Lynch, kila mtoto wake na kila ndugu yake wa tumbo moja ana nafasi ya 50 kwa 100 ya kuwa nayo, na anayekutwa nayo anafanyiwa kolonoskopi kila mwaka mmoja hadi miwili. Lakini ripoti ya protini sio kipimo cha Lynch, usiandike "ana Lynch" kwa sababu umeona MSH2 haipo. Andika protini zipi zimepotea, andika limfosaiti zilishika rangi, andika kwamba anahitaji ushauri wa jeni na kupimwa damu, halafu mpigie dokta aliyeomba kipimo umwambie kwa mdomo, kwa sababu ule mstari wa mwisho wa ripoti ndo watu huwa hawafiki kuusoma.