Wakaguzi wengi si dawa

Yaya, umeuliza kama huku Lubumbashi tuongezewe wakaguzi wa biashara. Hapana. Dekreti ya 2002 ilitaja huduma nne tu za mpakani: forodha, OCC (ofisi ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa), uhamiaji na usafi. Ila pita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, uhesabu: ni wengi kuliko hao, na kila mtu anadai karatasi yake.

Mimi nauza dawa mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Mwaka jana walinijia watatu, siku mbalimbali, wote wakaomba patente, ile karatasi ya kufanyia biashara ndogo. Hakuna aliyefungua friji ya insulini, dawa ya kisukari inayotaka baridi! Na umeme wetu unavyokatika, hatari iko mule, haiko kwenye patente.

Waje pamoja, na orodha ya mambo ya kukagua tuliyopewa mapema. Faini ilipwe benki, kamwe isipokelewe mkononi. Na aliyekuta kosa arudi kuangalia kama limerekebishwa.