Jibu: Nianzie wapi kupunguza malipo ya usajili?

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kupunguza malipo ya usajili, yaani ya huduma zinazokutoza kila mwezi au kila mwaka, ilhali kila huduma unaiona ina umuhimu wake. Mimi ningeanza na taarifa ya benki ya miezi 12 iliyopita, si ya mwezi mmoja, kwa sababu usajili wa mwaka hutozwa mara moja tu na ndio unaojificha vizuri zaidi. Nilipoipitia yangu niligundua kuwa nalipia hifadhi ya picha kwa akaunti mbili tofauti, pamoja na programu ya mazoezi niliyokwisha kuifuta kwenye simu. Kufuta programu hakusitishi malipo. Ikiwa ulijisajili kupitia Google Play au App Store, ni lazima uingie sehemu ya usajili kwenye akaunti yako na kuusitisha huko.

Kuhusu kipi kibaki, usijiulize kama huduma ni nzuri, maana karibu zote ni nzuri. Andika kwanza mambo matatu unayoyathamini kweli, kisha utazame kila malipo yanahudumia lipi kati ya hayo. Gazeti ninalolisoma kila asubuhi nimelibakiza, ingawa ndilo ghali kuliko yote. Huduma ya filamu huilipia mwezi mmoja, nikatazama nilizozikusudia, nikasitisha. Unaposita, sitisha, kwa kuwa kujisajili upya ni kazi ya dakika chache, ila mafaili uliyohifadhi humo uyahamishe kwanza.